Usiifute Picha Yako Mbaya



Leo sina ujumbe wenye pointi tatu. Nina ungamo. Nimelibeba tangu mwezi wa Agosti, na nimeona afadhali nikuandikie wewe, huenda likakufaa kabla hujafanya kosa kama langu.

Wengi wenu mmekuwa mkiona picha za ibada hapa na kuandika, "Pasta, Mungu amekupa kipawa." Nami nikajibu, "Amina, utukufu ni kwa Bwana." Leo nataka ujue nilichokuwa nikifanya kila Jumapili usiku kabla ya kuweka zile picha nne au tano ulizozipenda. Nilikuwa nikifuta karibu mia mbili.

Kamera ilinifikia hivi. Ndugu aliyekuwa akitupigia picha kanisani alipata kazi Qatar, akaondoka mwezi wa Februari. Akaiacha kamera ya kanisa kabatini, pamoja na lenzi moja ya milimita 18 hadi 55, chaja, na mkoba wenye zipu mbovu. Jumapili mbili zikapita bila picha. Kwenye kikao cha wazee nikasema, "Nipeni mimi, nitajaribu." Nitakuwa napiga wakati wa sifa kabla sijapanda madhabahuni, na siku ambazo mchungaji msaidizi anahubiri.

Nina miaka 54. Nimefungisha ndoa na kuzika watu wengi, na mara zote hizo nimesimama mbele ya wapiga picha nikidhani kazi yao ni kubonyeza tu.

Jumapili ya kwanza nilipiga picha 212. Usiku, nyumba ikiwa imetulia, nikafungua kompyuta kuzitazama. Mpendwa, nilitamani kulia. Nyuso zilikuwa nyeusi. Sisemi nyeusi kama Mungu alivyotuumba tukapendeza. Nasema nyeusi kama makaa, hakuna macho, hakuna tabasamu. Lakini madirisha nyuma ya kwaya yalitoka safi, ungeweza kuhesabu vioo. Nilikuwa nimepiga picha za madirisha.

Kama umewahi kuabudu nasi hapa Nakuru, unalijua kanisa letu. Ukuta wa mawe, mabati juu, na madirisha makubwa upande wa waimbaji. Kufika saa nne asubuhi mwanga unawapiga waimbaji kwa nyuma. Macho yako hayana shida na hilo. Unawaona dirishani na bado unajua nani anacheka. Kamera haiwezi hivyo. Kipimo cha mwanga kilicho ndani yake kinakisia kwamba chochote ulichokielekezea, ukichanganya weupe wake na weusi wake, kitakuwa cha kijivu cha wastani. Kikikutana na dirisha linalong'aa, kinaona mwanga umezidi, kinapunguza kila kitu, pamoja na uso wa dada anayeimba. Kikikutana na vitambaa vyeupe vya akina mama siku ya ibada yao, vinatoka na rangi ya majivu. Kikikutana na suti nyeusi za wazee, zinatoka zimepauka kama zimefuliwa na jiki.

Kamera haina nia mbaya. Haimjui tu huyo dada. Wewe unayemjua ndiwe unayepaswa kuiambia. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ukijumlisha hatua moja au mbili, uso unarudi. Au unatembea hatua kumi upande wa pili, dirisha likae ubavuni mwake badala ya mgongoni. Ni hilo tu.

Na tatizo hili lina historia yake. Enzi za filamu za rangi, maabara za picha zilisawazisha mashine zao kwa kadi za kampuni ya Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi mashine imekaa sawa. Ngozi kama yangu na yako haikuwa kwenye kadi hiyo. Kwa hiyo ukifungua albamu ya zamani nyumbani, ukaona shati la babu linaonekana hadi kifungo cha mwisho lakini uso wake umezama gizani, usiharakishe kumlaumu mpiga picha.

Haya yote najua sasa. Usiku ule sikujua hata moja. Na hapa ndipo dhambi yangu ilipoanzia, kwa maana kutojua si dhambi. Dhambi yangu ni kwamba sikuuliza.

Ningemuuliza nani? Tuna kijana hapa kanisani anayepiga picha za harusi, ndiyo riziki yake. Ana miaka 23. Nilimweka wakfu kwa Bwana akiwa mtoto mchanga mikononi mwangu. Nikajiambia, mimi Pasta, niende kumuuliza mtoto huyu kitufe kiko wapi? Watu huniuliza mimi mambo. Nikachagua picha tano ambazo kwa bahati zilitoka vizuri, nikaziweka hapa. Zile 207 nikazifuta. Mkaandika kwamba nina kipawa, nami nikapokea sifa hiyo.

Jumapili iliyofuata nikafanya hivyo hivyo. Na iliyofuata. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilijificha miezi minne. Ndiyo maana miezi minne hiyo sikusogea hatua hata moja. Kila Jumapili nilirudia makosa yale yale, kwa sababu kila Jumapili usiku nilichoma ushahidi.

Sasa nikupeleke kwenye Jumapili ya mwezi wa Juni.

Tulikuwa na mama mmoja mzee ambaye kanisa zima tulimwita Shosho. Hakuna mtu aliyemwita jina lake. Alikaa kiti cha tatu upande wa kushoto, Biblia yake ndani ya mfuko wa plastiki ili isinyeshewe, na alifika kabla ya wapanga viti. Shosho alipiga makofi akichelewa kidogo nyuma ya ngoma. Siku zote. Watoto wa Shule ya Jumapili walijua kumuiga, naye akijua wanamuiga, na alicheka nao.

Jumapili ile mvua ilishuka katikati ya sifa. Unajua mvua kwenye mabati. Kisha stima zikapotea. Kinanda kikanyamaza, vipaza sauti vikanyamaza, zikabaki ngoma na kayamba na sauti za watu. Kanisa likawa giza. Na kanisa likaimba kuliko siku zote. Shosho alikuwa amesimama, macho amefumba, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlango, mikono yake ikipiga makofi yale ya kuchelewa. Nikainua kamera. Nikapiga mara tatu.

Baada ya ibada akanijia mlangoni. "Pasta, umenipiga picha. Nionyeshe."

Nikatazama kioo cha kamera haraka. Mikono ilikuwa ukungu mtupu, kama mabawa ya ndege anayeruka. Uso ulionekana, lakini haukukaa sawasawa. Nikaona aibu. Nikamwambia, "Shosho, bado sijazipanga. Nitakuletea."

Akasema, "Sawa, mwanangu. Nitangoja."

Usiku nikazifuta zote tatu. Nikajiambia, nitampiga nyingine nzuri nikishajua vizuri.

Mwezi wa Julai Mungu alinifedhehesha kwa upole. Yule kijana wa picha za harusi alikuja ofisini kwa jambo lingine, akaikuta kamera mezani. Akauliza, "Pasta, inaendeleaje?" Sijui ni nini kilinigusa siku hiyo, lakini nikamwambia ukweli. Nikamwambia picha zangu nyingi ni mbaya.

Hakucheka. Akasema, "Basi nionyeshe hizo mbaya."

Nikamwambia sina. Nimefuta.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa heshima, kama wanavyosema vijana wetu wanapotaka kumkosoa mzee: "Sasa Pasta, nikufundishe kwa nini?"

Akanionyesha jambo ambalo sikulijua. Kila picha ya kamera ya siku hizi imebeba kumbukumbu yake ndani. Inakuambia tundu la lenzi lilifunguka kiasi gani, mlango wa ndani unaoitwa shata ulikaa wazi muda gani, na ISO, yaani jinsi kamera inavyokuza mwanga ilioupata, ilikuwa ngapi. Picha mbaya ni kama mgonjwa aliyekuja na karatasi ya daktari mkononi. Ukiisoma, unajua kilichomuumiza. Mimi nilikuwa nikiwafukuza wagonjwa kabla hata ya kusoma karatasi, kisha nashangaa kwa nini sijifunzi udaktari.

Akanipa mazoezi. Aliniambia niache kanisa kwanza. "Chukua kikombe kimoja, Pasta, kiweke kando ya dirisha. Kipige saa mbili asubuhi, saa sita, saa kumi, na jua likikaribia kuzama. Usikisogeze." Nikafanya hivyo siku sita. Mke wangu akaniuliza kama nimeokoka upya, maana sijawahi kukitazama kikombe kiasi hicho. Lakini kwa mara ya kwanza niliona kwamba mwanga una upande unaotokea, kwamba kivuli kina ukali au ulaini, na kwamba kikombe kilekile kina sura nne kwa siku moja.

Zoezi la pili lilikuwa stejini. Nilisimama kando ya barabara, nikapiga matatu zinazopita. Kwanza shata kwa 1/30 ya sekunde, kisha 1/250, kisha 1/1000. Kwa 1/30 matatu ikawa mstari wa rangi. Kwa 1/1000 nikasoma maandishi ya ubavuni na kuona meno ya makanga anayepiga kelele. Lakini kwa 1/1000 picha ilikuwa nyeusi mpaka nilipopandisha ISO. Hapo nikaelewa kwamba mambo haya matatu ni kama watu watatu wanaobeba jeneza moja. Mmoja akishuka, mwingine lazima apande, la sivyo linaanguka.

Kijana akanisimulia picha ya mwaka 1838. Mfaransa aitwaye Louis Daguerre aliupiga mtaa wa Boulevard du Temple, jijini Paris. Ulikuwa mtaa wenye shughuli, lakini kwenye picha barabara ni tupu. Siku hizo ilichukua dakika kadhaa kunasa mwanga wa kutosha, na kila aliyekuwa akitembea alipita bila kuacha alama. Anayeonekana wazi ni mtu aliyesimama mahali pamoja akisafishiwa viatu. Kumbe ukungu ni maisha ya mtu yakisogea, na kamera haikuwa na kasi ya kuyafuata.

Nilipoambiwa hivyo nilimkumbuka Shosho. Nikaenda kupiga hesabu. Kamera ilikuwa kwenye ISO 400 siku ile, jinsi nilivyoizoea, na katika giza lile shata ilikaa wazi kama 1/15 ya sekunde. Kila unapoizidisha ISO mara mbili, unaweza kukata muda wa shata nusu. Kutoka 400 kwenda 800, kisha 1600, kisha 3200. Kutoka 1/15 kwenda 1/30, kisha 1/60, kisha 1/125. Hatua tatu tu. Picha ingekuwa na chembechembe kidogo, lakini mikono ile ingetulia karibu yote. Nikafurahi. Nikasema, sasa najua, Jumapili hii nitampiga Shosho.

Jumapili hiyo alikuwa ameenda kwa binti yake Eldoret. Jumapili mbili baadaye alirudi, nami nikawa na wageni. Kisha ikaingia Agosti, na Jumatano moja alfajiri nikapigiwa simu. Shosho alikuwa amelala na hakuamka.

Siku ya pili binti yake alinipigia. "Pasta, mama alituambia ulimpiga picha akimsifu Mungu siku ya mvua. Alikuwa anaisubiri. Tunaomba tuiweke mbele kwenye kijitabu cha mazishi. Hatuna nyingine nzuri."

Mpendwa, nilikaa na simu mkononi.

Nikakimbilia mjini kwa fundi wa kompyuta nikiwa na memori kadi. Akanieleza kwamba ukifuta picha, kwa kawaida haipotei saa hiyo hiyo. Kadi inaandika tu kwamba nafasi ile iko wazi, na kama hujaweka kitu kingine juu yake, kuna programu zinazoweza kuirudisha. "Umepiga nyingine tangu hapo?" akauliza. Nilikuwa nimeijaza kadi ile na kuifuta, nikaijaza tena. Vikombe. Matatu. Alijaribu karibu saa mbili. Alipata matatu kadhaa, na nusu ya kikombe. Shosho hakumpata.

Jioni nilienda matangani. Ningeweza kusema kamera iliharibika. Nakuambia ukweli, maneno hayo yalinijia njiani, na yalikuwa matamu. Lakini nilipomwona yule binti chini ya hema, nilimwita kando nikamwambia jinsi ilivyokuwa. Kwamba picha ilikuwepo. Kwamba mikono ilikuwa na ukungu. Kwamba niliona aibu nikaifuta, nikidhani nitapiga nyingine.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma: "Pasta, ulidhani sisi tungetazama ukungu? Sisi tungemtazama mama."

Kijitabu kilitoka na picha ya kitambulisho iliyokuzwa. Unazijua picha hizo. Uso umeelekezwa mbele, midomo imefungwa, hakuna rangi. Picha hiyo hiyo ilisimama kwenye fremu kando ya jeneza. Nilihubiri karibu saa nzima juu ya furaha ya Shosho, na muda wote ule picha ilikuwa pale ikinipinga. Wajukuu waliokuja kutoka mbali, waliomwona mara moja au mbili wakiwa wadogo, watamkumbuka kwa sura ile. Hilo siwezi kulirekebisha. Nimeomba msamaha kwa familia, wamenisamehe, nami nimeupokea msamaha wao. Lakini picha haikurudi.

Baada ya mazishi niliirudisha kamera kabatini. Nikasema, atafutwe mtu anayejua.

Yule kijana ndiye aliyenitoa huko. Alinikumbusha habari za Mohamed Amin, Mkenya mwenzetu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa naye yuko pale kazini, akapoteza mkono wa kushoto. Kwa mpiga picha! Angekuwa na haki ya kupumzika. Lakini alitengenezewa mkono wa bandia, akaanza upya kujifunza kushika kamera, akarudi kazini mpaka alipofariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Comoro. Mtu aliyekwisha kujulikana duniani alikubali kuwa mwanafunzi tena. Mimi nilikuwa nani wa kuona aibu kwa sababu ya kitufe?

Ndipo nikalikumbuka lile simulizi la kipofu wa Bethsaida katika Injili ya Marko. Nimelihubiri mara nyingi, lakini sikuwahi kuliona hivi. Yesu alimgusa mara ya kwanza, akamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu angeweza kusema, "Ndiyo Bwana, naona vizuri kabisa," ili asimwaibishe mgeni mbele ya watu, au ili yeye mwenyewe aonekane amepokea. Wangapi kati yetu tungesema hivyo? Lakini alieleza alichokiona: watu, lakini kama miti inayotembea. Yaani aliona ukungu, na akasema ni ukungu. Na kwa kuwa alisema, aliguswa mara ya pili, akaona wazi. Mimi kwa miezi minne niliulizwa kama naona, nikajibu kwamba naona. Ningeguswaje mara ya pili?

Basi nikaitoa kamera kabatini. Sasa kila Jumamosi jioni naenda nyumbani kwa mzee mmoja au mama mmoja wa kanisa letu. Nimejifunza kutokwenda saa sita, kwa sababu huku kwetu karibu na Ikweta jua hukaa juu ya utosi na kuchimba mashimo meusi machoni pa mtu. Naenda kwenye saa kumi na moja. Mwanga mzuri haukai sana kwetu, jua likianza kushuka linashuka kweli, na kufika saa kumi na mbili na nusu hivi limekwenda. Nampa mzee kiti mlangoni, ndani kidogo ya kivuli, uso ukitazama nje. Namuomba anisimulie alivyookoka, au alivyooa. Nalenga jicho lililo karibu nami. Wa kwanza nilimkosa, fokasi ikakamata kofia badala ya jicho. Sikuifuta. Nilipiga tena, na ya tano ikakubali.

Kwenye kompyuta yangu kuna folda inayoitwa Vikapu. Nimeiita hivyo kwa sababu baada ya wale elfu tano kushiba, Bwana hakukubali mabaki yaachwe kwenye nyasi, vikajaa vikapu 12. Humo ndimo zinamoingia picha zangu mbaya zote. Alhamisi jioni kijana wangu anakuja, tunakunywa chai, ananisomea makosa yangu moja baada ya jingine, nami naandika kwenye daftari. Tangu Agosti nimejifunza kuliko miezi yote iliyotangulia. Na bado ni mwanafunzi. Picha za Jumapili iliyopita, mbili zimepinda. Mmeziona.

Sasa wewe, mpendwa. Unafuta nini?

Labda ni daftari la biashara yako. Siku ya faida unaandika, siku ya hasara unaliacha kabatini, kisha mwisho wa mwezi hujui pesa zilienda wapi. Labda ni gitaa ulilonunua mwaka juzi, unalipiga milango ikiwa imefungwa, ukisubiri uwe hodari ndipo uje kwenye kwaya. Labda ni sala. Hutaki kuomba mbele za watoto wako kwa sababu maneno yako hayapangiki kama ya Pasta. Watoto wako hawatatazama ukungu. Watamtazama mama yao akiomba.

Nisieleweke vibaya. Kuhifadhi si kutangaza. Siku picha inamdhalilisha mtu, amelala ibadani au nguo imekaa vibaya, hiyo futa, heshima yake ni kubwa kuliko mafunzo yako. Lakini kosa lako mwenyewe lihifadhi, na mtafute mtu mmoja wa kumwonyesha. Hata kama ni mdogo kwako.

Wiki hii nakupa kazi. Nyumbani kwenu kuna mzee ambaye hana picha nzuri. Unamjua. Huhitaji kamera, simu yako inatosha. Futa kioo cha lenzi kwa kitambaa safi, maana kimejaa mafuta ya vidole. Mkalishe mlangoni, mwanga umpate usoni. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe. Gusa uso wake kwenye skrini, ukiona kweusi, telezesha kidole kuongeza mwanga. Zungumza naye. Piga tatu. Zikitoka mbaya, usizifute. Na akikuambia, "Nionyeshe," mwonyeshe papo hapo.

Baba, asante kwa kuwa hukutufuta tulipokuwa bado na ukungu. Tupe unyenyekevu wa kukuambia tunachoona kweli, na wa kuuliza tusichokijua. Wafariji wana wa Shosho. Na utusaidie kuwatazama wazee wetu wangali nasi. Amina.

Mchungaji wenu, mwanafunzi wenu.